Neno la Leo: Mpagani

Juzi kwenye pantoni ya Kigamboni, kabla hatujatia nanga Kivukoni, kijana alidai ulimwengu haukuumbwa na yeyote. Akajibiwa papo hapo: "Mpagani wewe!" Sivyo, jamani. Neno hili asili yake ni Kilatini, *paganus*, mtu wa kijijini. Kwetu lililetwa na wamisionari, likabandikwa kila asiyekuwa Mkristo wala Mwislamu. Lakini bibi anayetambikia mizimu ana Mungu wake, tena Muumba wa mbingu na nchi. Kumwita mpagani ni dharau. Kumwita mkana Mungu ni uongo mtupu.

Kafiri nalo hutupwa ovyo Kariakoo, hata kwa mdaiwa sugu! Shina lake la Kiarabu ni kufunika. Hata mkulima, kwa kufukia mbegu, aliwahi kuitwa hivyo. Kidini ni anayeukataa Uislamu, na huyo anaweza kabisa kumwamini Muumba.

Asemaye hakuna Mungu ni mkana Mungu. Masheikh husema mulhidi. Ambaye hajakata shauri, anauliza tu, ni mwenye shaka. Msimpe jina jingine.