Kusakinisha na Kusasisha: Historia Fupi ya Programu katika Linux

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi ya kuweka programu katika Linux ilivyobadilika, na tatizo la istilahi lililotokana na mabadiliko hayo.

Linux ilitangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi nchini Finland. Miaka ile ya mwanzo, aliyetaka programu mara nyingi alichukua maandishi yake asilia na kuyageuza mwenyewe kuwa lugha ya mashine. Ikiwa programu ilitegemea nyingine, ilibidi aitafute hiyo kwanza, nayo huenda ilitegemea ya tatu. Wengi waliishia njiani.

Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilifunga kila programu katika kifurushi chenye orodha ya vitu inavyovitegemea. Chombo chake, dpkg, kilifungua kifurushi na kulalamika kitu kilipokosekana, lakini hakikwenda kukitafuta. Kazi hiyo ilichukuliwa na APT, iliyotoka pamoja na Debian 2.1 Machi 1999: taja jina la programu, nayo huletwa kutoka ghalani pamoja na tegemezi zake zote.

Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, ilirithi APT ilipotoka Oktoba 2004. Hadi mwaka 2011 ilitumiwa watu bure kwa posta ikiwa kwenye CD, neema kubwa kwa sisi tuliolipia intaneti kwa dakika. Mwaka 2004 huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Sasa tuje kwenye maneno. "Sakinisha" limetokana na "sakini", yaani kukaa mahali. Kifurushi hupewa makazi. Neno zuri, halina ugomvi. "Sasisha", kutoka "sasa", ndilo lenye mtego. APT ina amri mbili. "apt-get update" husoma upya orodha ya vilivyomo ghalani tu. Haibadilishi programu hata moja. "apt-get upgrade" ndiyo inayoleta matoleo mapya, yakiwemo yanayoziba mianya ya usalama. Mwalimu akiziita zote "kusasisha", mwanafunzi ataandika ya kwanza, aone mistari ikipita, aamini kompyuta yake imekingwa, kumbe bado.

Tunapendekeza "kusasisha orodha" kwa ya kwanza na "kuboresha programu" kwa ya pili, zifundishwe siku moja na kwa mfuatano huo.