Mgeni Katika Nyuzi za Chepkong'

Ukisimama Kimulot, msomaji, utaona mashamba ya chai yametanda mpaka karibu na msitu wa Mau. Chai ni mgeni katika nchi hiyo; mashamba makubwa yalianza katika miaka ya 1920. Lakini wako wageni waliofika kwa sauti tu, nami nataka kukusimulia habari za mmoja wao.

Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, alifariki mwaka 1933, wala hakupata kuikanyaga Afrika. Hata hivyo sahani zake za santuri zilifika kwa Wakipsigis. Walilisikia jina lake, wakalitamka kwa ulimi wao: Chemirocha. Tazama lilivyovishwa nguo ya kwao, kwa kuwa majina mengi ya wanawake wa Kikipsigis huanza na "Che".

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet, si mbali na Kimulot, na mitambo ya kunasia sauti. Huko Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake waliimba wimbo wa Chemirocha kwa kinubi chao, chepkong'. Gitaa halimo. Mgeni anaalikwa acheze kwa mapigo ya wenyeji.

Tracey aliandika kwamba mgeni huyo alidhaniwa kuwa nusu mtu, nusu swala. Tangu hapo wako walioisimulia habari hiyo kana kwamba wasichana wale walikuwa wajinga. Je, ni haki? Mwenye kutunga mzaha si lazima auamini. Nasi twasimulia jinsi sungura alivyomdanganya fisi, wala hatuitwi wajinga.

Ravi Shankar wa India alipounganisha sitar na okestra ya London mwaka 1971, hakuna aliyeuliza kama ni mtunzi. Wasichana wa Kapkatet nao walichukua jina na sifa za mgeni, wakazifunga katika nyuzi zao. Hao pia ni watunzi.

Sauti zao zilihifadhiwa Afrika Kusini, na ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala kurudishwa Kapkatet. Muda huo wote wengine ndio waliowasemea. Basi, usikiapo wimbo wa wazee wako, uliza ni nani aliyeutunga, na alikusudia nini, maadamu yupo wa kukujibu.