Vina vya Kwenye Kaseti

Mwaka 2004 Fid Q, mwana wa Mwanza, alitoa albamu ambayo jina lake peke yake ni somo la ushairi: Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Sisi walimu hapa Nyamagana tulifundisha kina cha kati na cha mwisho; kijana akaongeza cha mwanzo, nasi muziki wa aina hiyo tukauita uhuni. Enzi hizo za kaseti, wanafunzi walirudisha mkanda nyuma mara kumi wapate kunakili mstari mmoja. Niliwanyang'anya madaftari mawili, nikayatupa. Leo nyimbo zapatikana papo hapo kwenye intaneti, ila maneno yake mara nyingi huandikwa na mashabiki, vina vikavunjwa ovyo. Ningetaka kuzihakiki beti zile, ningeyaamini zaidi madaftari yale.