Muhogo Nao Ulikuja na Meli

Kuna komenti haikosi kila nikiposti video ya mboga. Nikiweka mchunga wa nazi, mtu ataandika: "Hiki ndicho chakula asili, vya wageni tuwaachie wenyewe." Nikiweka sukuma wiki, mwingine anauliza mbona nimetupa mila. Halafu hao hao wakiona muhogo wa nazi na pilipili ya kusaga wanapiga makofi, ati hapo sasa nimerudi nyumbani.

Sawa. Basi leo tuongee historia, manake kwenye hiyo sahani ya muhogo karibu kila kitu kilishuka melini.

Mimi nakaa Gazi, kusini mwa Diani ukielekea Msambweni. Nyuma ya nyumba nina magunia ya udongo na ndoo zilizopasuka: mchicha, mnavu, pilipili, dania, mchaichai. Napika kinachokubali msimu huo, na raha yangu kubwa ni kungoja. Kwa hivyo hili swali la nini ni "asili" nalijali kikweli.

Tuanze mbali. Wanaakiolojia wakichimba vijiji vya kale vya pwani hukuta punje zilizoungua jikoni zikawa makaa, ndiyo sababu hazikuoza. Utafiti mkubwa uliotoka 2016 ulionyesha kwamba kwenye pwani ya bara huku kwetu, punje hizo nyingi ni za Kiafrika: mtama, uwele, wimbi, kunde, na mbegu za ubuyu. Mchele na pojo za Asia zilionekana zaidi Komoro na Madagaska. Hao ndio wenyeji wa zamani wa chungu chetu. Sasa niambie ukweli, mara ya mwisho kula uwele ilikuwa lini?

Mwaka 1331 akapita msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta. Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Akawaeleza wasomaji wake embe ni kitu gani: likiiva ni tunda tamu, kabla halijaiva lina ukali wa ndimu na hutiwa kwenye siki. Yaani achari ya embe unayokula na biriani ina karibu miaka 700 kwenye maandishi. Alipofika Mombasa akaandika kwamba watu wa kisiwani hawalimi nafaka, huletewa kutoka pwani ya bara, na chakula chao zaidi ni ndizi na samaki. Akataja pia tunda dogo kama zeituni, lenye kokwa, tamu sana, akaliita jamun. Hilo ni zambarau, lile linalotuachia ulimi wa rangi mpaka mama anajua umetoka wapi.

Umeona kisichokuwepo? Hakuna muhogo, hakuna mahindi, hakuna nyanya (ya kupikia, si mama mzaa mama). Wakati huo mimea hiyo ilikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki, Amerika. Vasco da Gama alifika pwani hii 1498, Wareno wakafika Brazil 1500, na baada ya hapo mbegu zikaanza kusafiri na meli. Muhogo, mahindi, pilipili, nyanya, nanasi, papai, korosho, vyote vilianza safari upande ule. Mapera nayo, mpaka jina ni la Kireno.

Basi hesabu ile sahani ya muhogo wa nazi. Muhogo, Amerika Kusini. Pilipili, Amerika. Nazi, Asia. Ndimu ya kukamulia juu, Asia. Labda chumvi ndiyo ya kwetu.

Sasa, mtu atasema nabomoa. La, mimi nadai muhogo ni wetu kabisa. Ila umekuwa wetu kwa kazi. Hebu fikiria kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu. Usipoyatwanga vizuri na kuyachemsha kwa muda, yanakudhuru. Hakuna meli iliyokuja na kijitabu cha mapishi. Kuna wanawake waliojifunza kwenye kinu, wakafundisha binti zao, mpaka leo tunakula bila hofu. Mmea ni mgeni, ujuzi ni wa hapa.

Na ujuzi mkubwa kuliko wote ni wa majira. Jiko la kusini pwani lina kalenda. Mvua ya mwaka ikishika kuanzia Machi au Aprili, ardhi inatoa majani: mchicha, matembele, majani ya kunde. Mchunga hata huupandi, unajiotea wenyewe shambani. Unauchemsha, unamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, unauchanganya na mchicha, kisha tui zito la mwisho, unakula na sima. Upepo wa kusi ukivuma, bahari inachafuka, madau hayaendi mbali. Hapo ndipo ng'onda ana heshima yake, na muhogo, na kunde kavu, na mahindi mapya ya kuchoma. Vuli inapanda mboga tena. Halafu kaskazi: joto, bahari shwari, samaki wengi, embe kila njia, mabibo yananuka mpaka barabarani. Mchuzi wa samaki wenye embe mbichi ndani ulizaliwa hapo, manake samaki na embe hukutana msimu mmoja.

Kwa hivyo nikisikia "asili", mimi nauliza swali tofauti. Siulizi mbegu ilitoka wapi. Nauliza: unajua inakuja lini? Unajua ikikosekana unakula nini? Hapo ndipo sisi vijana tunapoteza. Vyakula bado tunavyo, vipo hotelini Diani na kwenye picha zetu. Kalenda ndiyo inayokwenda. Ukienda Kongowea, sukuma kutoka bara ipo Januari mpaka Desemba, na kitu kisichoondoka hakikufundishi kungoja. Sukuma haina kosa, wallahi, imelisha familia nyingi na nami naipika. Lakini mtoto anayejua sukuma peke yake akiona mnavu umeota ukutani ataung'oa kama takataka.

Na kuna jambo jingine hatulisemi tunapopiga picha za bustani: ardhi.

Gazi tunafundishwa hadithi ya Mbaruk bin Rashid, mkuu wa tawi la Mazrui waliohamia huku baada ya Seyyid Said kuuchukua mji wa Mombasa 1837. Mbaruk alipigana na Waingereza mpaka 1896 akavukia upande wa Wajerumani. Hadithi nzuri, ina bunduki na misitu. Lakini ni nani aliyelima chakula cha mabwana wa zama hizo? Mashamba makubwa ya nafaka ya pwani, kama ya Malindi na Takaungu, yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Kenya mpaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani: mwenye madai ajitokeze athibitishe. Wadigo na Wamijikenda wengine, waliolima ardhi ya ukoo bila karatasi, wengi hawakupata kitu. Ardhi yao ikahesabiwa ya serikali. Neno "skwota" bado ni la kila siku Kwale.

Hiyo inaingia mpaka kwenye sufuria. Pwani, mti ni mali na ni ushahidi. Mnazi au mwembe ukiupanda, unakaribia kusema hapa ni kwangu, ndiyo maana mwenye shamba mara nyingi hamruhusu mpangaji apande miti. Anayelima bila hati hubaki na mimea ya miezi mitatu: kunde, mchicha, mahindi. Zile tulizozoea kuziita "mboga za maskini" zilikuwa mboga za mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapo. Ukizidharau, umemdharau yeye mara ya pili.

Dharau hiyo imeanza kupungua. Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya kienyeji kama mfano mzuri wa kuigwa. Na hapa Gazi tumeshaona kitu tulichokidharau kikipanda cheo: tangu 2013, kupitia Mikoko Pamoja, jamii ya Gazi na Makongeni inalinda mikoko, inauza hewa ya kaboni, na pesa zinarudi kwenye maji na shule. Miti ile zamani ilikuwa kuni na boriti tu machoni pa wengi. Mnavu na mchunga nao wanaweza kupanda cheo, na wala havihitaji mnunuzi wa Ulaya.

Basi wewe unayesoma hii ukiwa Likoni, Ukunda au kwenye nyumba ya kupanga Nairobi, sikuambii utupe sukuma. Tafuta gunia moja la udongo. Panda mchicha, unakuwa tayari kwa wiki chache tu. Halafu pigia simu mzee yeyote wa kwenu, umuulize mambo matatu: mboga gani alikula mvua ikianza, alikula nini bahari ilipochafuka, na gani haioni tena siku hizi. Andika majina kwa lugha yake, Kidigo kikiwa Kidigo, na mwezi pembeni. Mbegu tutaziomba hata kwa jirani, lakini mzee akiondoka na ile miezi kichwani, hakuna duka linaloiuza.