KUPAMBANUA KABLA YA KUPELEKA
Historia fupi ya watoto walioshindikana na shule zao, upande wa Kabete na Kangemi



Kitabu cha mwaka cha chama kama hiki huhesabu mambo yanayohesabika: michango, mazishi, karo za shule, na wagonjwa waliotembelewa. Lakini liko jambo moja linaloletwa mbele ya wazee mwaka baada ya mwaka, wala halina safu yake katika hesabu. Ni habari ya mtoto aliyeshindikana. Mwalimu amemtoa darasani, mama yake amechoka kulia, majirani wamekwisha kumwita mwizi kabla hajaiba, na mzazi anakuja kuuliza: je, mtoto huyu apelekwe wapi? Twaona yafaa kuandika historia ya swali hilo, maana sisi tunaokaa Kangemi ni jirani wa majibu yake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nyumba ya Kabete

Hapo zamani Kangemi ilikuwa mashamba ya Wakikuyu, nje ya mpaka wa mji. Mtoto mkaidi alikuwa na watu wengi wa kumwonya: baba, wajomba, nyanya, na vijana wa rika lililomtangulia. Hatusemi kwamba malezi yale hayakuwa na ukali. Twasema tu kwamba waliomrudi mtoto walimjua kwa jina, wakajua na msiba uliompata.

Mji wa Nairobi ulipokua, wakaja watoto wasiojulikana na mtu. Wengine walifuata kazi, wengine walikimbia njaa, wengine walitoroka kwa mabwana zao. Kabla ya vita vya 1914 serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuweka huko Kabete nyumba ya kuwaadibisha watoto wa kiume waliohukumiwa na mahakama. Sheria ya kipande ya 1915, iliyoshikwa kwa nguvu baada ya vita, ilizidi kumfanya kila kijana anayetembea mjini bila bwana aonekane kuwa mkosaji. Hivyo nyumbani mle waliweza kukutana mtoto aliyeiba na mtoto aliyezurura tu kwa kukosa kwao.

Fikira ya wakati ule ilikuwa kwamba ubaya wa mtoto watokana na uvivu, na dawa ya uvivu ni kazi na amri. Wavulana walifundishwa kilimo na kazi za mikono, na fimbo haikuwa mbali. Haifai kukana kwamba wako waliotoka mle na ufundi wa kuwalisha maisha yao yote. Lakini kazi ya fundi ni kujua mbao yake kabla ya kuikata, na watoto wale walikatwa kwa kipimo kimoja.

Katika miaka ya 1930 jina lilibadilika. Huko Uingereza sheria ya 1933 ilikuwa imeondoa majina ya kale ya nyumba za kuadhibu watoto, ikaziita shule zilizoidhinishwa, yaani zilizokubaliwa na serikali kupokea watoto kutoka mahakamani. Jina hilo likafika na huku kwetu, Kabete ikaitwa hivyo, na Dagoretti pia pakawa na shule ya namna hiyo. Mlango ulipakwa rangi mpya, lakini njia ya kuufikia ilikuwa ile ile ya polisi na hakimu.

Fikira nyingine ng'ambo

Katika miaka hiyo hiyo wako waliojaribu njia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwalimu mmoja wa Austria, August Aichhorn, alisimamia nyumba ya watoto watukutu huko Oberhollabrunn. Miongoni mwao walikuwamo wavulana 12 wakali mno, ambao hapana kundi jingine lililoweza kuwavumilia. Aichhorn aliwaweka pamoja, akawaagiza walezi wasiwapige wala wasiwafokee, bali wazuie tu wasiumizane. Kwanza fujo ilizidi; meza na madirisha vilivunjwa. Kisha ukali ule ukageuka machozi, na baada ya machozi wavulana wakaanza kusikia neno. Katika kitabu chake cha 1925 Aichhorn alieleza kwamba utukutu ni kama homa: ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe. Mwenye kupiga homa kwa fimbo hamponyi mgonjwa.

Mwaka 1948, katika jimbo la Oxfordshire, Uingereza, Bibi Barbara Dockar-Drysdale alianzisha shule ya Mulberry Bush kwa watoto wadogo ambao mioyo yao iliumizwa mapema, hata wakawa hawawezi kukaa katika shule ya kawaida. Shule ya namna hii twaweza kuiita shule ya kuponya. Ndani yake malezi yenyewe ndiyo dawa: watoto wachache, mlezi mmoja anayeaminika, saa za kula na kulala zisizobadilika, na masomo yanayoanzia pale mtoto alipo, si pale umri wake unapodai.

Hali ya Hatari na Wamumu

Twarudi kwetu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, na tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu walichukuliwa, na miongoni mwao walikuwamo vijana ambao ndevu zilikuwa hazijaota. Wengi walipelekwa Manyani pamoja na watu wazima. Baadaye vijana walitengwa, wakapelekwa Wamumu, katika nchi ya Mwea, chini ya afisa kijana aitwaye Geoffrey Griffin.

Yapasa kusema mambo mawili juu ya Wamumu, wala moja lisifunike jingine. La kwanza, Wamumu ilikuwa kambi ya kizuizini, na vijana wengi waliwekwa humo bila kesi. Hapana shule inayoweza kuhalalisha jambo hilo. La pili, ndani ya dhuluma ile ilionekana kwamba kijana aliyeitwa hatari, akipewa masomo, ufundi, michezo na madaraka juu ya wenzake, huinuka upesi kuliko wengi walivyodhani.

Jambo hilo la pili ndilo lililozaa Starehe. Mwaka 1959, Bwana Griffin pamoja na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu walianza kupokea wavulana wasio na kwao katika mabanda mawili ya mabati mjini Nairobi. Vita vilikuwa vimewaacha yatima wengi, na wengine walilala barabarani. Wavulana walipewa jina, kitanda, daftari, na baraza ambamo mwanafunzi aliweza kusimama na kumwuliza mkurugenzi jambo lolote. Griffin aliiongoza Starehe mpaka kufa kwake mwaka 2005, na shule ile ikawa miongoni mwa zile zinazosifika nchini kwa mitihani. Fundisho lake ni wazi: wengi walioitwa wahuni hawakuwa na ugonjwa wa tabia. Walikuwa wamekosa kwao.

Watoto watatu katika jina moja

Hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Katika neno moja, mtukutu, wamo watoto watatu walio mbalimbali. Yuko mtoto mhitaji, aliyekosa chakula au mlezi. Yuko mtoto mkosaji, aliyevunja sheria. Na yuko mtoto mwenye kizuizi cha kujifunza, ambaye akili yake, masikio yake, macho yake au moyo wake hauendi na mwendo wa darasa. Historia yote ya shule hizi ni historia ya kujifunza kuwapambanua watatu hao, na kila walipochanganywa, mtoto ndiye aliyelipa.

Sheria ya watoto iliyotungwa mwaka 1963 iliwachanganya bado. Hakimu aliweza kumpeleka katika shule iliyoidhinishwa mtoto aliyevunja sheria, na kadhalika mtoto anayehitaji ulinzi au adabu tu. Mzazi aliyeshindwa aliweza kumleta mwanawe mwenyewe. Hata hivyo, jambo moja jema lilikua huko huko jirani yetu: Getathuru, upande wa Lower Kabete, palifanywa mahali pa kuwapokea wavulana kutoka mahakamani ili wachunguzwe kwanza, ndipo wagawanywe katika shule zinazowafaa. Kwa wasichana, kazi hiyo ilikuwa ya Kirigiti, Kiambu.

Kwa mtoto mhitaji, njia nyingine ilifunguliwa mwaka 1973, Padre Arnold Grol alipoanzisha Chama cha Undugu kwa ajili ya watoto wa barabarani waliolinda magari mjini. Baadaye Undugu ilifungua madarasa ya elimu ya msingi kwa watoto waliokwisha kuipita saa ya shule, masomo yakafupizwa na ufundi ukaongezwa. Hawakungoja mtoto aibe ndipo asomeshwe.

Mtoto wa tatu ndiye aliyechelewa kuonekana. Shule ya vipofu ya Jeshi la Wokovu huko Thika ilianza mwaka 1946, kwa sababu upofu huonekana kwa macho. Uzito wa kuelewa hauonekani hivyo. Wazazi wa Nairobi wenye watoto wa namna hiyo walianza madarasa madogo kwa juhudi zao, na mwaka 1968 ikapatikana shule maalumu ya Jacaranda. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kuwapima watoto, na mwaka 1986 serikali ikaunda Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, kufundisha walimu wa kazi hiyo.

Maana ya kupima

Wazee wetu wengine huuliza: kumpima mtoto ni kufanya nini? Si kumpa dawa, wala si kumtangaza kuwa mwendawazimu. Kwanza hutazamwa kama anasikia. Mtoto anayesikia nusu ya maneno hutii nusu ya amri, naye huitwa mkaidi. Kisha hutazamwa kama anaona ubao. Kisha husomeshwa sentensi, maana wako watoto wenye akili timamu ambao herufi huwachanganya, hali iitwayo disleksia. Huyo akiambiwa asome mbele ya wenzake huona heri kufanya mzaha na kufukuzwa kuliko kuaibika. Kisha huulizwa habari za nyumbani: nani amekufa, nani amehama, nani anampiga, amekula nini asubuhi. Baada ya hayo mwalimu huandika mpango wa mtoto huyo peke yake, hatua kwa hatua, na mzazi huujua.

Sheria zetu sasa zinaelekea huko. Mwaka 2001 fimbo ilipigwa marufuku shuleni, na Sheria ya Watoto ya mwaka huo, iliyoanza kutumika mwaka 2002, ilimtenga mtoto anayehitaji malezi na mtoto aliyevunja sheria, na shule za zamani zilizoidhinishwa zikaitwa shule za kurekebisha tabia. Mwaka 2003 ada ya shule za msingi iliondolewa, na watoto wengi mno wakaingia darasani kwa mara moja, wakiwamo wale waliokuwa wakifichwa nyumbani. Sheria ya Watoto ya 2022 iliinua umri wa kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Lakini darasa lililojaa halina nafasi ya subira, na sheria haina miguu ya kufika katika vichochoro vyetu. Miguu hiyo ni sisi.

Yatupasayo

Wako watakaosema kwamba twataka kuwadekeza watoto. Wanatukumbusha methali, samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, nasi twaishika. Lakini kukunja si kuvunja, na mkunjaji hodari hutazama kwanza ni samaki gani aliyemshika. Mtoto aliyeiba yampasa arudishe, na aone uso wa aliyemwibia. Mtoto asiyesikia yampasa apate kifaa cha kusikilia. Mwenye njaa yampasa ale. Kuwapa wote watatu adhabu moja si ukali wa haki. Ni uvivu wa watu wazima.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na wazee mambo manne. Kwanza, mzazi akija na habari ya mtoto aliyeshindikana, tusianze na neno la kumpeleka. Tumuulize kama mtoto amepimwa masikio, macho na kusoma, na kama bado, mwanachama mmoja amsindikize yeye na mtoto hadi kituo cha kupimia. Nauli isiwe kizuizi. Pili, mtoto akifukuzwa shuleni, wazee wawili waende kwa mwalimu mkuu, si kugombana, bali kuuliza ni mpango gani uliokwisha kujaribiwa. Tatu, mtoto akitoka katika shule ya kurekebisha tabia, apokewe na mtu mwenye jina na fundi atakayempa kazi. Mtoto aliyefundishwa useremala kisha akarudi mahali ambapo kila jirani anafunga mlango amepewa msumeno bila mbao. Nne, jina lake lisisemwe ovyo sokoni, kwa sababu jina la mwizi humtangulia mtoto kila aendako, hata likamfanya kuwa yeye.

Twapendekeza pia kwamba, kuanzia kitabu cha mwaka ujao, hesabu zetu ziwe na safu moja zaidi: watoto walioletwa mbele ya wazee, na wangapi kati yao waliopimwa kabla ya kupelekwa popote. Majina yasiandikwe, idadi yatosha. Safu hiyo ikiwa tupu, mkutano mkuu utuulize sababu.