Kutoka Ushuhuda hadi Ushahidi: Mchango wa David Kobia na Jaribio la Kivu Kaskazini

1. Utangulizi

Maneno ushuhuda na ushahidi yametokana na mzizi mmoja wenye asili ya Kiarabu, ule uliozaa pia shahidi na kushuhudia. Hata hivyo, matumizi yameyatenganisha. Ushuhuda ni maelezo ya mtu juu ya jambo aliloliona au lililompata. Ndilo neno linalosikika zaidi kanisani. Ushahidi ni kile kinachoweza kulithibitisha jambo hilo mbele ya watu wengine, hasa mahakamani. Tofauti hiyo ya kisemantiki ndiyo iliyokuwa kiini cha tatizo la kiufundi lililowakabili waundaji wa programu ya kompyuta iliyopewa jina la Ushahidi. Makala haya yanaeleza historia ya programu hiyo, mchango wa mtaalamu David Kobia katika kuifanya itegemeke, na mambo yaliyodhihirika ilipojaribiwa katika jimbo la Kivu Kaskazini, zilipo wilaya za Masisi na Walikale.

2. Chimbuko la programu

Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, machafuko yalizuka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Mapema Januari, mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika kwenye intaneti juu ya yaliyokuwa yakitendeka, alipendekeza kwamba wenye ujuzi wa kompyuta waunde ramani ambayo raia wangeweza kuonyesha juu yake mahali palipotokea maovu. Miongoni mwa walioitikia walikuwamo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia.

Kobia alikuwa Mkenya aliyeishi Birmingham, katika jimbo la Alabama nchini Marekani. Alikuwa pia mwendeshaji wa Mashada, baraza la mazungumzo ya Wakenya kwenye intaneti. Mnamo Januari hiyohiyo, matusi ya kikabila yalizidi mno barazani humo hata akalifunga, na mahali pake akafungua ukurasa wa kuwahimiza Wakenya waukane ukabila. Kwa hiyo, mtu aliyeandika msimbo wa kwanza wa Ushahidi, tena kwa siku chache tu, alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake jinsi maneno ya umma yanavyoweza kuokoa na yanavyoweza kuangamiza.

3. Ujenzi mpya na suala la kutegemeka

Toleo la kwanza lilitungwa kwa ajili ya Kenya peke yake. Katika mwaka 2008 kikundi hicho kiliijenga programu upya ili iweze kutumika popote. Kobia aliongoza kazi ya ufundi, akisaidiwa na waandishi wengine wa programu, miongoni mwao Henry Addo wa Ghana. Msimbo wake ulitolewa kwa umma bila malipo. Aliyetaka aliweza kuusoma, kuusahihisha palipokuwa na hitilafu, na kuwarudishia wenzake masahihisho hayo.

Kutegemeka kwa programu ya namna hii kuna pande mbili. Upande wa kwanza ni wa mashine, yaani ipokee ujumbe bila kukwama. Hapo ilitumika programu nyingine huria, FrontlineSMS, iliyoanzishwa na Ken Banks mwaka 2005, ambayo iliwezesha simu ya kawaida iliyounganishwa na kompyuta kupokea ujumbe mfupi hata pasipokuwa na intaneti. Upande wa pili ni wa habari yenyewe. Katika toleo lililojengwa upya, taarifa iliyotumwa ilipitia kwanza kwa msimamizi, ambaye aliikubali au kuikataa. Na iliyokubaliwa ilitiwa alama ya kuwa imethibitishwa au bado. Kwa njia hiyo programu ilihifadhi tofauti ileile ya lugha: ushuhuda ulibaki ushuhuda mpaka pale ulipopata uthibitisho. Baadaye lilianzishwa tawi la SwiftRiver, likiongozwa na Jon Gosier aliyekuwa akifanya kazi Kampala, kwa kusudi la kuchuja habari nyingi zilizoingia kwa wakati mmoja. Mnamo 2010 jarida la Technology Review lilimtunuku Kobia kwa huduma yake kwa wanadamu.

4. Jaribio la Kivu Kaskazini

Toleo hilo jipya, likiwa bado katika hatua ya majaribio, lilipelekwa mashariki mwa Kongo Novemba 2008. Wakati huo wapiganaji wa CNDP wa Laurent Nkunda, waliokuwa na ngome zao katika milima ya Masisi, walikuwa wamekaribia Goma, na raia walikuwa wameuawa kwa wingi huko Kiwanja. Taarifa zilizofika zilikuwa chache. Sababu hazikuwa katika msimbo peke yake. Programu iliyozaliwa katika nchi yenye simu nyingi na waandishi wengi iliingia katika nchi ya vita bila mtandao mpana wa wenyeji wa kuipokea, kuikagua na kuwalinda watoa habari.

Walikale ilidhihirisha pengo hilo kwa uchungu mkubwa zaidi. Wilaya hiyo ya misitu inachukua zaidi ya theluthi moja ya eneo la jimbo. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi yenye silaha yalivamia vijiji 13 vya njia ya Kibua hadi Mpofi, Luvungi kikiwamo. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Kambi ya walinda amani ilikuwapo Kibua, lakini vijiji hivyo havikuwa na mtandao wa simu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba ulipata habari za ubakaji huo wa halaiki tarehe 12 Agosti. Hakuna programu, hata iliyo imara namna gani, inayoweza kupokea ujumbe usiotumwa.

5. Hitimisho

Mchango wa Kobia na wenzake haukuwa mdogo: walijenga chombo kinachotenganisha neno lililosemwa na neno lililothibitishwa, wakakiacha wazi ili wengine wakisahihishe. Masisi na Walikale zimeonyesha mahali kazi ya chombo hicho inapokoma. Tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi huko Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha kwa makosa yaliyojumuisha yale ya Luvungi. Waliotendewa walikuwa wametoa ushuhuda wao, na miaka kumi baada ya tukio ushuhuda huo ukawa ushahidi. Vita vilirudi tena, na mwaka 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi mwezi Januari na Walikale mwezi Machi. Swali la mwaka 2008 lingali linawangoja wataalamu wa kompyuta na wa lugha pia: nani atausikia ushuhuda wa kijiji kisicho na simu, na kwa njia gani utathibitishwa kabla haujachelewa?