Rahisi na Upishi Wake: Uchaguzi wa Zana za Wikipedia, 2001–2013

0. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Methali hiyo yamwonya mnunuzi asivutwe na bei ndogo akaisahau kazi inayomngoja. Historia ya Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa Marekani tarehe 15 Januari 2001, yatoa nafasi nzuri ya kuipima, kwani tovuti hiyo ilijengwa kwa zana zisizouzwa, kisha ikapata wasomaji wengi mno.

1. Zana zilizokuwapo

Katika miaka ya 1990, mifumo mikubwa ya hifadhidata, kama Oracle, iliuzwa kwa leseni ambazo bei yake iliwashinda watu wa kujitolea. Kando yake zilichipuka zana nyingine. Perl ilitolewa mwaka 1987 na Larry Wall, Mmarekani aliyesomea isimu kwa nia ya kwenda kuitungia maandishi lugha isiyoandikwa. Si ajabu kwamba nguvu ya Perl ni kuchambua matini. PHP, kazi ya Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ilitolewa kwa umma mwaka 1995. Mwaka huohuo MySQL ilitokea Uswidi, na mwasisi wake mmoja, Michael Widenius, aliipa jina la binti yake, My. Mwaka 2000 ikawekwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuirekebisha na kuigawa.

2. Kutoka mafaili hadi hifadhidata

Wikipedia ilianza na UseModWiki, programu ya Perl iliyoandikwa na Clifford Adams. Kurasa zilihifadhiwa katika mafaili ya kawaida. Kwa kurasa mia chache mpango huo ulitosha; kwa maelfu, kutafuta neno moja kulidai kupekua mafaili yote. Ndipo Magnus Manske, mwanafunzi wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Köln, alipoandika programu mpya kwa PHP na kuziweka kurasa katika MySQL. Ilianza kutumika Januari 2002. Uchaguzi huo ulikuwa na mantiki: PHP hupachikwa ndani ya ukurasa wenyewe, hivyo anayejifunza huona matunda mapema, MySQL nayo ilikuwa nyepesi na yenye kasi katika kusoma, na kusomwa ndiyo kazi kubwa ya kamusi elezo.

Hata hivyo methali ilidai haki yake. Programu hiyo iliielemea hifadhidata kwa maswali mengi, na wasomaji walipoongezeka tovuti ikazorota. Julai 2002 ikawekwa programu iliyoandikwa upya na Lee Daniel Crocker, ambayo mwaka 2003 ilipewa jina la MediaWiki. Yafaa kusisitiza kwamba nayo ilitumia PHP na MySQL zilezile. Upishi ulikuwa umevunjwa na mpangilio wa kazi, wala si na bei ya chungu.

3. Mtihani wa umiliki

Mwaka 2008 kampuni ya Sun Microsystems iliinunua MySQL kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka 2010 Sun yenyewe ikaingia mikononi mwa Oracle. Hivyo zana ya wanyonge ikamilikiwa na muuzaji wa mfumo ghali. Lakini Widenius alikuwa ameshaanzisha MariaDB kutokana na msimbo uleule, akiipa jina la binti yake mwingine, Maria. Mwaka 2013 Wikipedia ilihamia huko. Bila ruhusa ya GPL, MariaDB isingezaliwa.

4. Hitimisho

Methali yasimama, ila kwa sharti. Zana zisizouzwa ziliidai Wikipedia malipo ya namna nyingine: muda, maarifa na kuandika upya. Badala yake ziliipa uhuru wa kurekebisha na wa kuhama. Faida yake haikuishia kwa Kiingereza. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hutumia MediaWiki ileile, na waandishi wake hawakuhitaji kuchanga fedha za leseni. Kama kila lugha ingalilazimika kujinunulia zana, lugha nyingi za Afrika zingalingali zikisubiri mlangoni.